Maji ya Alfajiri Yaliyosomwa Mchana

Somoe mwanangu,

Ukiniona nimefumba macho hapo pembeni yako kwenye basi, usidanganyike. Sijalala. Nasikiliza unavyofunua karatasi na najua umefika wapi. Nilikuambia nakusindikiza hadi Masasi kwa sababu ya mabegi, nawe ukakubali haraka mno, jambo ambalo nalo limenitia shaka. Si mabegi. Mabegi mawili na ndoo yenye mfuniko, mtu aliyezoea kupanda kutoka bondeni na maji kichwani anavifikisha mwenyewe popote.

Naandika sasa hivi, alasiri ya kuamkia safari yako, wewe umekwenda Mkunya kumuaga bibi yako. Uliponiaga mlangoni ulinitazama kidogo kuliko kawaida yako, na tangu uondoke najiuliza kwa nini. Unamjua mama yako. Muuza mkaa akinisalimia kwa furaha, nakwenda kuchungulia chini ya gunia. Marehemu baba yako alikuwa akisema kwamba siku nikifika peponi nitamwomba malaika kitambulisho kwanza. Nilikuwa nakasirika, lakini alisema kweli.

Hapa hutakuta habari za neti, wala sabuni, wala watu wa stendi wenye maneno matamu. Hayo nimeyasema wiki nzima, mpaka jana ukawa unayamalizia wewe kabla sijafunga mdomo. Nina jambo moja tu, na nataka ulijue kabla basi hili halijaingia Masasi, kwa sababu Masasi yupo mtu.

Katika fomu yako ya kuomba chuo waliwauliza kwa nini mnataka kusomea kompyuta. Uliiacha mezani ili nikukagulie maandishi. Uliandika hivi: "Mama yangu ni fundi wa ofisi ya maji. Aliunganisha kompyuta na tenki, akamkamata mwizi wa maji bila hata kuinuka kwenye kiti." Niliona umesahau nukta. Nikaiweka, nikakurudishia. Nukta, Somoe! Sentensi nzima ni ya uongo, mimi nikahangaika na nukta.

Mwizi yule ni mjomba wako Hashimu. Na hakuiba.

Wakati ule ulikuwa bweni, mwaka wako wa pili. Uliporudi likizo tulikuambia Mjomba Hashimu amehamia Masasi kwa wakwe zake, na ulipouliza mwizi ni nani nilisema "mlinzi mmoja". Labda ulishasikia ukweli kwa wengine. Newala si kubwa kiasi hicho, na watu wanapenda kumwambia mtoto habari ambazo mama yake amezificha. Kama ulishajua ukaninyamazia miaka yote hii, basi tumefanana kuliko nilivyotaka.

Hashimu ni mtoto wa mjomba wangu, kaka yake bibi yako. Kwa hiyo ni binamu yangu, na binamu kwetu ni mtani. Amenizidi miaka sita, lakini sikuwahi kumpa shikamoo, wala yeye hakuwahi kuidai. Salamu yetu ilikuwa matusi. Akinikuta sokoni, mbele za watu, alipaza sauti: "We nchawi, bado hujafa?" Nami namjibu: "Nasubiri nikuzike wewe kwanza, niwale mbuzi wako." Siku tuliyomzika baba yako alikuja akajilaza kwenye mkeka wangu wa eda, akawaambia wanawake wote watoke, yeye ndiye mrithi na urithi wenyewe ni mimi. Nilicheka, Somoe. Siku ile niliamini sitacheka tena maishani, na yule mtu akanichekesha kabla udongo haujakauka. Kwa hiyo ujue ni mtu wa namna gani niliyemfanyia haya.

Alikuwa akilinda tenki kubwa, lile la ng'ambo ya mikorosho, ambalo kutoka ofisini kwetu hulioni. Zamu yake ilikuwa ya mchana. Mgao wetu wa mji siku hizo ulikuwa mara moja kwa wiki. Jumatano saa kumi na moja alfajiri, mwenzake wa zamu iliyotangulia alifungua koki, watu wakajaza walichonacho, kisha koki ikafungwa. Hashimu alipokea zamu asubuhi, akakaa na tenki lililofungwa mpaka jioni.

Mhandisi mmoja aliyekuja kutufundisha alituachia kompyuta yenye ile programu ya wahandisi uliyojifunzia hapa nyumbani, pamoja na kipimo cha kuzamisha ndani ya tenki kinachosema maji yamefika kina gani. Wenzangu waliogopa kuigusa. Mimi nikasema nitaiweza, na niliiweza. Unayajua mambo haya kunishinda sasa, lakini nakueleza kama mgeni, ili nisipate mahali pa kujificha nyuma ya maneno ya ufundi.

Kipimo kilisema kina cha maji kila sekunde kumi, kiulizwe kisiulizwe. Maneno yake yalipita kwenye kebo, yakaingia kwenye poti, lile tundu la kebo kwenye kompyuta, yakapanga foleni. Upande wangu niliweka taima, ile saa ya ndani ya programu inayoamka kila baada ya muda uliopanga. Ikiamka, inachukua jibu moja la mbele ya foleni, inaliandika kwenye faili, na pembeni inaandika saa iliyopo wakati huo. Kwanza niliipangia sekunde kumi. Mara nyingine iliwahi, ikakuta jibu halijafika, ikalalamika kwa maandishi mekundu. Mimi sipendi maandishi mekundu, hasa meneja akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Nikaongeza sekunde mbili, zikawa kumi na mbili. Wekundu ukaisha. Nikaipa na foleni nafasi kubwa ili jibu lolote lisipotee, nikasifiwa mbele ya watu. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi niliizima kompyuta, nikaiwasha upya, kazi ikaanza mwanzo.

Wiki ya kwanza nikaona jambo. Jumatano, saa nane mchana, maji kwenye grafu yanaporomoka. Wiki ya pili, Jumatano, saa nane. Ya tatu vilevile. Maji gani yanatoka saa nane mchana wakati koki imefungwa? Na nani anayafungua kila wiki kwa saa ileile? Nikajijibu kwamba ni mtu mwenye ahadi na mteja. Saa nane mchana kwenye tenki alikuwepo mtu mmoja tu.

Ukishamshuku mtu, hata kikohozi chake kinakuwa ushahidi. Hashimu alikuwa ameezeka bati chumba kimoja, nikajiuliza bati limetoka wapi, wakati korosho zilikuwa zimeuzwa na nusu ya mtaa ilikuwa inaezeka. Alikuja ofisini shati likiwa limelowa, nikaona maji ya tenki, wakati ni jasho. Akinitania, nilisikia dharau. Asiponitania, nilisikia hofu. Watu wa ofisini walipoanza kunong'ona wakasema lisemwalo lipo, nami niliyelianzisha nikaitikia kwa kichwa kama niliyelisikia kwa wengine.

Sasa sikiliza ujinga wangu, na hapa una ruhusa ya kucheka. Jumatano moja niliamua kwenda kumvizia. Nilijifunga kanga juu ya kichwa, nikazunguka mikorosho, nikakaa nyuma ya shina moja kuanzia saa saba na nusu mpaka saa nane na nusu, siafu wakinipanda miguuni. Nilimwona Hashimu. Alikula mihogo ya kuchemsha, akanywa maji kwenye dumu lake, akalala. Hakuja mtu. Koki haikuguswa. Nikarudi ofisini, nikafungua grafu. Saa nane kamili maji yalikuwa yameporomoka.

Mtu mwenye akili angesema hapo: nilikuwa namtazama kwa macho yangu, kwa hiyo grafu ina kasoro. Mimi nilisema ana mwenzake. Nilisema wamechimba bomba la siri. Usiku sikupata usingizi nikilitafuta bomba hilo kichwani.

Na lipo jingine, baya kuliko hilo. Jumatano hizo zote mimi mwenyewe nilikuwa naamka alfajiri, najaza mapipa yetu mawili na ndoo zote za ndani, kisha nakwenda kazini na kanga imelowa magotini. Nilikuwa nakaa mbele ya kompyuta ikinionyesha kwamba alfajiri ile hakuna hata tone lililotoka kwenye tenki. Mstari umenyooka. Nilikuwa nimeyabeba maji hayo kwa mikono yangu, na sikuuliza. Nilishuku dunia nzima, kasoro ile skrini, kwa sababu ile skrini niliitengeneza mimi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo zangu sikuzikung'uta.

Meneja wetu wa wakati ule alikuwa amehamishiwa kwetu kutoka mbali, hana hata miezi miwili. Alimwita Hashimu, akaniita mimi na grafu zangu, akamweka katibu pembeni na kalamu. Alikuwa mstaarabu, sitamsingizia. Aliuliza kwa upole: "Bwana Hashimu, maji ya Jumatano saa nane yanakwenda wapi?"

Hashimu akazitazama zile karatasi, akanitazama mimi, uso wake ukafunguka. Nauona mpaka leo. Aliona binamu yake amekaa kwa heshima na makaratasi, akadhani huu ndio utani mkubwa kuliko wote ambao nimewahi kumfanyia. Akaupokea.

"Muulizeni huyo huyo," akasema. "Nimemuuzia yeye. Ntu nnene vile, mnafikiri anaoga ndoo moja?"

Katibu akacheka kidogo kisha akajizuia. Meneja hakucheka. Akasema: "Kwa hiyo unakiri kwamba umeuza maji?"

"Nakiri! Nimeuza yote. Na tenki lenyewe nalitafutia nteja."

Akanigeukia akinisubiri. Ilikuwa zamu yangu, Somoe. Kwa miaka arobaini hajawahi kunirushia neno nikaliacha lianguke chini. Nilitakiwa kusema tu, "Tenki utaliuza, utalala wapi, mlevi we," na meneja angeuliza, na katibu angemweleza kwamba hawa ni watani, na karatasi ile isingeandikwa. Neno moja la upuuzi lingetosha.

Nilinyamaza. Niliinamisha macho kwenye grafu. Nikasikia kalamu ya katibu ikiandika, na baadaye nikaona ilichoandika: "Mtuhumiwa amekiri."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Niliogopa, kwa sababu alinitaja mimi kuwa mnunuzi, na nilijua meneja hajui mila zetu. Hilo ni kweli, lakini nalishuku, kwa sababu ni sababu nzuri mno. Nadhani nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimesifiwa. Nilikuwa mwanamke wa kwanza pale kuifanya kompyuta iseme kitu, na kitu chenyewe kilikuwa kimesema Hashimu. Nikikubali kwamba anatania, itabidi tuanze kutafuta upya maji yanakwenda wapi, na tukitafuta upya tutaanzia kwangu. Hilo nililijua mahali fulani ndani, Somoe. Sikulijua kwa maneno, lakini nililijua.

Akaachishwa kazi. Alipoelewa kwamba si mchezo alijitetea, lakini karatasi ilikuwa imeshaandikwa, na mtu aliyekiri akikana baadaye huonekana mwongo mara mbili. Mkewe, Mama Shaibu, alikuja nyumbani kwetu akasimama uani, hakutaka kukaa. Aliniuliza: "Mama Somoe, wewe ulikuwepo. Alikuwa anatania au hakuwa anatania?" Nikamwambia mambo ya ofisi hayasemwi nyumbani. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Wiki iliyofuata wakahamia Masasi, ambako Hashimu sasa anaziba pancha za baiskeli na pikipiki karibu na stendi.

Tulipokwenda Masasi kwenye msiba wa shangazi ulikuwa nami. Unakumbuka alivyokuja? Nilikuwa nimekaa na wanawake. Nilikuwa nasubiri kuitwa mchawi, na wallahi nilikuwa nalitamani neno lile. Akasimama mbele yangu, akainama kidogo, mtu aliyenizidi miaka sita, akasema: "Shikamoo, dada."

Nilisema marahaba, ningesema nini? Msiba wote alikaa kimya kwenye kona, hakulizuia jeneza kudai haki yake ya utani, hakumchekesha mtu. Njiani ukaniambia, "Mama, Mjomba Hashimu siku hizi ana adabu." Nikakujibu kwamba ameanza kuzeeka. Sijapigwa maishani mwangu, lakini najua kupigwa kukoje. Tangu hapo nimekutana naye mara tatu, na mara zote tatu ni shikamoo.

Lakini bado nilikuwa naamini aliiba. Hilo lilikuwa godoro langu. Nilijiambia kwamba nilinyamazia utani, sawa, lakini utani wenyewe ulifunika wizi wa kweli. Nimelilalia godoro hilo mpaka mwezi uliopita, na aliyelivuta ni wewe.

Ulikuwa unafanya mazoezi na kile kipimo cha zamani nilichokipata ofisini walipoleta kipya. Uliichukua programu yangu vilevile ilivyokuwa, poti yangu, taima yangu, ukakizamisha kipimo kwenye ndoo ya maji uani, ukaiwasha saa mbili asubuhi, ukaenda kufua. Saa nane ukarudi, ukakitoa kipimo kwenye ndoo. Ukaitazama skrini. Ukaniita: "Mama, mbona inasema bado kimo ndani ya maji?" Nikasema subiri. Ukasubiri. Ukala, ukaosha vyombo, ukawasuka nywele watoto wa jirani wawili. Ndipo ukapiga kelele: "Mama! Ndiyo kwanza inashuka! Imechelewa saa nzima na zaidi!"

Nilikuwa napepeta mchele. Niliweka ungo chini.

Kipimo kinasema kila sekunde kumi. Mimi nasikiliza kila sekunde kumi na mbili. Kila nikichukua jibu moja, nyuma yake foleni inarefuka. Sikosi jibu hata moja, na kila jibu ni la kweli, ila ni la zamani, na mimi naligonga muhuri wa saa ya sasa. Baada ya saa sita nimechelewa saa moja. Nikachukua kijiti nikaandika mchangani, wewe ukidhani nahesabu siku za safari yako. Jumatatu saa mbili asubuhi mpaka Jumatano saa nane mchana ni saa hamsini na nne. Ukiondoa sehemu moja katika sita, unarudi nyuma saa tisa. Saa tisa nyuma ya saa nane mchana ni saa kumi na moja alfajiri.

Yalikuwa maji ya mgao, Somoe. Yalikuwa maji yangu mimi, yaliyojaza mapipa yangu. Yalifika kwenye grafu saa tisa baadaye, wakati Hashimu anakula mihogo.

Ukauliza kosa liko wapi. Nikakuambia, "Kebo hiyo mbovu." Ukaenda kuazima kebo nyingine kwa fundi redio, ukahangaika nayo siku mbili. Kebo haikuwa mbovu. Nakuomba msamaha kwa hilo peke yake, mbali na mengine, kwa sababu hilo nimekufanyia wewe, nikiwa najua, baada ya yote yale. Mtu anaweza kudhani akishauona ukweli uongo utakoma wenyewe. Mimi wangu uliongezeka siku ileile.

Huko uendako watakufundisha vizuri kuliko mimi. Watakuambia umwage foleni kabla ya kuuliza, na kwamba taima ukilifuta jina lake bila kuisimamisha, inaendelea kuamka huko ndani na kufanya ulichoiagiza, ila wewe huioni tena. Mimi hilo sikulijifunzia kwenye kitabu. Nililifuta jina la Hashimu katika nyumba yetu, sikulitaja kwa miaka, na kila siku kilichokuwa kinaamka kiliamka. Afadhali maandishi mekundu. Afadhali pengo kwenye grafu na meneja anaguna nyuma ya kiti, kuliko mstari mzuri ulionyooka. Nami siwezi kukuambia uache kushuku, nitakuwa mnafiki, na damu yangu unayo. Ila zamu ya kwanza ya kushukiwa jipe wewe na kazi ya mikono yako. Hashimu angepata hata zamu ya pili, leo angekuwa Newala.

Juzi nimepeleka barua ofisini. Meneja yule alishahamishwa, yupo mwingine. Nimeeleza yote: kumi na kumi na mbili, foleni, saa tisa, na kwamba Hashimu alikuwa anatania nami nilijua. Nimeambatisha na zile karatasi za zamani. Wamepokea, wamegonga muhuri, msichana wa mapokezi akanitazama kwa kunihurumia. Sijui watanifanya nini. Kazi inaweza kwenda. Ada yako ya muhula huu imeshalipwa, kwa hiyo usianze kujipigia mahesabu. Sijui pia watamfanyia nini yeye, na nashuku hawataharakisha. Nakala moja ninayo hapa, kwenye pochi niliyoikumbatia. Uligundua kwamba nimeikumbatia, najua uligundua.

Lakini barua ya ofisini ni rahisi. Karatasi haina macho. Kwa hiyo kesho, yaani leo kwako unayesoma, basi likisimama Masasi nitashuka nawe. Basi lako la mbali linaondoka saa moja baadaye, muda tunao. Tutakwenda kwenye kibanda chake cha pancha. Huwa panakaa watu pale, wenye pikipiki, wauza karanga, na sitaomba tusogee pembeni. Aliaibishwa mbele za watu. Nitayasema mbele za watu, kwa sauti, na mkewe kama yupo nitamjibu lile swali lake la uani.

Nimejishuku na hapa pia. Nimejiuliza kwa nini leo, kwa nini nikiwa nawe, kwa nini saa ambayo lazima tuondoke baada ya muda mfupi. Huenda nimekuchukua kama ngao. Mtu hamfokei mama mbele ya binti yake anayesafiri. Ukiona ni hivyo, una haki ya kubaki stendi na mabegi, sitakulaumu. Ila nilitaka uione ile sentensi yako ikisahihishwa, safari hii isiwe nukta.

Najua kitakachotokea mwanzoni. Ataniona, atafuta mikono kwa kitambaa chake cha grisi, atasimama, atainama kidogo, atasema shikamoo, dada. Sitaitikia. Hiyo nimeiamua, hata watu wakisema sina adabu. Nitamwambia: "Hashimu, tenki ulishalipatia mteja?" Jibu hilo limechelewa kuliko majibu yote niliyowahi kusoma kwenye poti yoyote, lakini swali lake nalijua ni lipi.

Baada ya hapo sijui. Anaweza kunigeuzia mgongo akaendelea na tairi lake. Anaweza kunifukuza, na kama atanifukuza kwa heshima nitajua imekwisha. Naliogopa hilo, Somoe, naliogopa kuliko barua ya ofisini.

Sasa kunja karatasi hizi, uniguse bega, nami nitajifanya naamka. Na tukifika, akinitukana, akiniita mchawi, mnene, mwizi wa maji mwenyewe mbele ya Masasi nzima, tafadhali mwanangu, usinitetee. Cheka.

Mama yako